Picha Kwenye Fomu ya Mke

Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: Nekesa nilimwonea wivu mpaka chakula kikakataa kushuka. Makhanu, mume wangu, alimwoa baada ya mimi kumzalia watoto watano, akamweka Lumakanda. Mengi niliyazoea. Sikuzoea kusikia watu wakimwita mke wa Makhanu, kana kwamba mimi ni shangazi yake.

Changu kilikuwa Shirere. Vyumba vinane vya wanafunzi, vilivyojengwa kwa pesa za miwa niliyopalilia Musanda kwa mikono hii. Hati ya ploti ilikuwa na jina la Makhanu, lakini funguo zilikuwa kwangu, na hakuna mpangaji aliyehamia bila kuniona kwanza. Vyumba hivyo ndivyo vilivyokuwa vikinilisha.

Jumapili moja baada ya kanisa, Makhanu alikula obusuma, ugali wake, taratibu, akasema kuna karatasi ya ile ploti ambayo wakili anataka mke aitie sahihi. Akaongeza kwamba nisijisumbue. Kesho angempeleka Nekesa, ambaye amezoea maofisi na tayari amepiga picha ya kubandika kwenye fomu.

Nisijisumbue, mimi niliyebeba maji ya kuchanganya simiti huku nina mimba. Sikumuuliza karatasi yenyewe ni ya nini. Nilimuuliza ofisi iko wapi.

Jumatatu studio ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni, nimefunga kitambaa changu cha akina mama wa kanisa. Mpiga picha aliniomba nitabasamu kidogo, nikamwambia afanye kazi yake. Saa tatu nilikuwa mbele ya wakili. Makhanu alikuwa amekaa pale peke yake, akajifanya kushangaa kuniona.

Wakili, kijana mwenye adabu, alinisomea fomu neno kwa neno. Alipomaliza hakunipa kalamu.

"Mama, sheria inakulinda," alisema. "Bila sahihi yako, hii ploti haiwezi kuuzwa. Ukikataa, mambo yanaishia hapa. Umeelewa?"

Nilisikia "bila sahihi yako". Hayo mengine yalinipita. Macho yangu yalikuwa mlangoni, nikihofia Nekesa ataingia na picha yake. Nikasema nimeelewa. Palipoandikwa jina la mke niliandika MUHONJA kwa herufi kubwa, nikatia sahihi, kisha nikabandika picha mwenyewe, nikaikandamiza kwa kidole gumba mpaka gundi ikatoka pembeni. Niliteremka ngazi za ofisi ile kwa maringo ya bibi harusi.

Mwezi uliofuata, mtu nisiyemjua alifika Shirere na hati yenye jina lake. Aliniamkia vizuri, akaniomba funguo.

Nilimpigia Nekesa simu nimtukane. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama Tevin, mimi sikupiga picha yoyote," alisema. "Hiyo ploti ilinunuliwa kabla hajanioa, sahihi yangu haikuwa na kazi hapo. Alikuwa anaogopa wewe tu. Mimi nilikuwa naombanga ukatae."

Nilikata simu bila kumuaga.

Nakala ya fomu wakili alinipa siku ile niliyotia sahihi, nami nimeiweka ndani ya Biblia. Wakati mwingine naitoa nikaitazama. Picha ilitoka vizuri. Ni ya mwanamke aliyeshinda.