Sufuria ya Dada Nancy

Kifuniko cha sufuria kililia gizani, juu ya kabati la jikoni. Tiririri, kikanyamaza. Tiririri, tena. Ilikuwa treni ya kwanza kutoka Peckham Rye, ile inayopita nyuma ya fleti kabla ya mapambazuko na kutikisa kila kitu ambacho hakikukazwa. Njeri alikuwa ameishi na treni hiyo miaka minne bila kuisikia. Alianza kuisikia wiki tatu zilizopita, tangu sufuria ile ilipoingia nyumbani kwake.

Haikuwa sufuria ya mchezo. Dada Nancy aliibeba kutoka Nyahururu mpaka London ikiwa imefungwa kwa leso, nguo zake zote zikiwa ndani, na tangu hapo hakuna mtoto wa Mkenya aliyebatizwa upande huu wa Peckham, wala harusi iliyofanyika, wala matanga yaliyokaliwa, bila wali kupikwa humo. Kuiazima ulipiga simu wiki moja mbele. Ukiirudisha na mikwaruzo, Nancy alikuuliza mbele ya watu: "Nani amesugua chombo changu kwa waya? Hiyo ni mikono ama ni kucha za paka?"

Na Njeri alikuwa ameitamani sana. Ndiyo sababu kila alfajiri kifuniko kilipolia alijivuta chini ya blanketi kama mtu aliyeitwa jina lake. Siku Nancy alipoisukuma mlangoni na kusema, "Chukua, kaa nayo," kitu cha kwanza kilichompitia moyoni kilikuwa furaha. Cha pili kilikuwa swali: sasa nani atanishikia Daisy Jumanne na Alhamisi, nikienda darasani? Cha tatu hakikuja.

"Alaa, dada! Kwani unarudi nyumbani?"

Nancy alitabasamu nusu, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. "Wewe chukua tu."

Njeri akachukua. Watu wa kwao hapa London wana adabu yao. Mtu akianza kugawa vyombo, anarudi nyumbani. Na anayerudi nyumbani haulizwi kwa nini. Huenda makaratasi yamekataliwa. Huenda kuna barua ya uhamiaji imekuja. Kumwuliza mtu habari za makaratasi yake ni kumvua nguo mbele za watu. Unamsaidia kufunga, unamwombea, unapokea unachopewa, unanyamaza. Kwa hiyo Njeri alifanya adabu yote. Jioni hiyohiyo aliandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha ushirika wa kanisa: "Wapendwa, Dada Nancy anarudi nyumbani. Tumwombee safari njema. Nafikiri ana vitu vya kuwaachia watu." Viganja vya maombi vikamiminika kwenye simu. Baada ya viganja, mtu akauliza televisheni ni inchi ngapi.

Jumatatu hii, wiki tatu baadaye, shule ya Daisy ilikuwa imefungwa, walimu wana mafunzo yao. Tony, mumewe, alikuwa ameshaenda kazini. Njeri alikuwa akikoroga uji Jotham alipopiga simu.

"Mama Daisy! Umeamka ama bado umelala kama bibi wa mbunge?"

"Niliamka kabla yako. Sema."

Jotham ndiye anayepeleka mizigo ya watu Mombasa. Kila Mkenya anayerudi hupitia kwake, na hakuna safari ambayo hajui uzito wake.

"Mwambie rafiki yako Nancy kontena linafungwa Jumatano. Asije kunililia Alhamisi."

"Si umpigie mwenyewe?"

"Nimempigia. Ati hana mzigo. Hata boksi moja! Mtu amekaa Uingereza miaka kumi na minne, anarudi mikono mitupu? Mimi nikienda kusalimia tu wiki mbili nabeba kilo sitini."

Njeri alishusha sauti, ingawa jikoni hakukuwa na mtu ila Daisy na kijiko chake. "Labda makaratasi yamemkimbiza."

"Makaratasi gani? Si mimi nilimpeleka kula kiapo? Nikampiga picha na bendera! Yule ni raia, Mama Daisy, hakuna wa kumgusa."

"Basi anarudi kwa nini?"

"Mimi nilifikiri anaenda kujenga. Mama mchungaji anasema amepata mchumba Nakuru. Lakini si wewe ndiye ulituambia? Tiketi yake ni ya lini?"

Njeri aliacha kukoroga. Tiketi hakuiona. Tarehe hakuisikia. Nancy hajawahi kusema anaenda popote. Aliyesema ni yeye, Njeri, kwa kidole chake mwenyewe, na watu wote wakaitikia amina.

Uji ulianza kuungua. Alikata simu, akazima jiko, akasimama akitazama daftari lake la darasa la jioni la utunzaji wa wagonjwa, pale kati ya chumvi na sukari alipozoea kulisomea. Hakuhitaji kulifungua. Alijua ukurasa. Mwalimu Poonam alikuwa ameandika ubaoni dalili za mtu anayewaza kujiua, na Njeri akazinakili kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote: kujitenga, kulala sana au kutolala, kusema mimi ni mzigo, kugawa vitu anavyovipenda. Kwenye mtihani alipata kumi na nane kwa ishirini. Alifurahi akamwimbia Daisy wimbo. Na saa ileile alipokuwa akinakili dalili hizo, Nancy alikuwa hapa, kwenye kiti hiki, akimnywesha mtoto wa Njeri maziwa ili Njeri asome.

Akakumbuka Novemba. Mama yake Nancy alizikwa Nyahururu, na Nancy aliyaona mazishi kwenye simu, amesimama stoo ya makao ya wazee anakofanya kazi, kwa sababu zamu haikupata wa kuishika. Ushirika ulikuja, ukaimba, ukapika kwa sufuria hiyohiyo, ukala, ukaosha vyombo. Baada ya wiki hiyo, hakuna aliyemtaja tena yule mama. Hata Njeri. Alikuwa na mitihani.

Simu ya kwanza aliyompigia Nancy haikupokelewa, wala ya pili. Alipopiga ya tatu, sauti ikasema, "Niko."

"Dada, nakuja."

"Usije, Njeri. Hakuna hata kiti."

"Nitakaa chini. Usikate simu. Tuongee tu mpaka nifike."

Nancy hakukata.

Njeri hakutaka sufuria ile ibaki juu ya kabati hata dakika moja zaidi. Aliitia kwenye kigari cha zamani cha mtoto, Daisy akabeba kifuniko mbele ya tumbo lake, wakapanda basi la 78. Njia nzima Njeri aliongea upuuzi: kuna mzee amebeba mbwa ndani ya koti, dada, sasa tumekwama nyuma ya lori la taka, dada. Huko upande wa pili palisikika pumzi, na mara moja, "Mbwa wa rangi gani?" Njeri alimjibu rangi ya mbwa huku machozi yakimdondokea ndani ya sufuria. Dereva alimtazama kwenye kioo, akapitisha macho.

Nyumba ya Nunhead alikopanga Nancy ni ya mzee Mohinder, aliyezaliwa Kisumu na bado anakisema Kiswahili cha huko. Aliwafungulia mlango, akatazama sufuria, kisha uso wa Njeri.

"Huyu mama hajapika siku nne," alisema. "Nilifikiri amefunga. Nyinyi watu wa kanisa, Januari mnafunga sana."

Hata yeye alikuwa na hadithi yake. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake, na zote zilikuwa nzuri.

"Mzee, nikae na mtoto hapa kwako kidogo? Yeye, siyo mimi. Namaanisha, umshike."

"Njoo, mtoto, kuna biskuti," Mohinder akasema, na hakuuliza zaidi.

Juu, chumba cha Nancy kilibaki na kitanda na dirisha tu. Ukutani palikuwa na mraba mweupe palipokuwa na televisheni. Nancy alikaa ukingoni mwa kitanda, amevaa sweta mbili, kwa sababu koti lake zito lilikuwa limekwenda na mtu wa kwaya. Alitazama sufuria.

"Mbona umeirudisha? Imetoboka?"

Njeri alikaa sakafuni, karibu na miguu yake. Darasani neno lile lilikuwa jepesi. Walilisema kwa Kiingereza, wakipokezana wawiliwawili, huku wengine wakicheka kwa aibu. Mwalimu Poonam alisema liulizeni neno lenyewe, msilizungushe. Kumwuliza mtu hakumpi wazo ambalo hana. Lakini kwa lugha ya mama zao Njeri hakuwahi kulisikia likisemwa kwa sauti. Kanisani lilinong'onwa, na mnong'ono wenyewe ulikuwa wa kulaani. Ulimi wake ulikuwa mzito kuliko ile sufuria.

"Dada Nancy. Unafikiria kujiua?"

Chini, Mohinder alisikika akimwonyesha Daisy jinsi ya kufungua pakiti.

Nancy hakuruka, hakukasirika. Alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

"Unajua watu wangapi wamepita mlango huu wiki tatu hizi? Kumi na wawili. Wamekuja na mifuko. Wameniombea safari. Wote wameniuliza kama pasi inapata moto vizuri." Akatazama mikono yake. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza mimi."

"Ni mimi niliyewatuma. Niliandika kwenye kikundi. Dada, ni mimi…"

"Njeri." Sauti ilikuwa ya chini, lakini kulikuwa na kitu cha Nancy wa zamani ndani yake. "Sasa unataka mimi nikubembeleze wewe?"

Njeri akafunga mdomo. Maneno mengi yalikuwa yamepanga foleni: kwamba Mungu ana mpango, kwamba ajikaze, kwamba wengi wana shida kumzidi. Aliyameza moja baada ya jingine. Hatia yake nayo aliiweka kando, siyo kwamba imepungua. Ilikuwa yake ya kubeba, siyo ya kumtwisha Nancy.

"Niambie," alisema tu.

Nancy akamwambia. Siyo kwa mpangilio. Aliruka kutoka kwa mama yake hadi usingizi uliomkimbia, hadi asubuhi anazoketi kituo cha basi na kuacha mabasi matatu yapite kwa sababu kuinua mguu ni kazi. Alisema siyo kitu kimoja. Alisema hakutaka hasa kufa, alitaka hii kelele ikome. Alisema aliwaosha wazee wa watu miaka kumi na minne, na mama yake akaoshwa na majirani. Hapo alilia, na Njeri akalia naye, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Baadaye Njeri alimwuliza kama kuna kitu humo chumbani ambacho ni afadhali kisiwepo. Nancy akafungua droo, akampa, na Njeri akakitia kwenye mkoba wake bila kukitazama mara mbili.

Nyuma ya daftari lake kulikuwa na namba ambayo Mwalimu Poonam aliwalazimisha wote kuiandika, 116 123, ya bure, mchana na usiku. Waliipiga pamoja. Mtu asiyewajua aliongea na Nancy nusu saa, taratibu, na Njeri akamshika mkono tu. Halafu walipiga kliniki. Njeri alipoambiwa nafasi iko wiki ijayo, alisema neno lile tena, kwa Kiingereza safari hii, bila kulizungusha, na wakapewa saa nane na dakika arobaini, leo.

"Twende kwangu kwanza," Njeri alisema. "Ule. Tukitoka kliniki unalala kwangu. Tony atalala sebuleni, amezoea."

"Na watu watasema nini? Nimewaaga wote."

"Hukumuaga mtu. Niliwaaga mimi. Nitawaambia nilikosea, na habari zako hawatazisikia kwangu. Wewe ukitaka kusema utasema, ukitaka kunyamaza utanyamaza."

"Koti langu?"

"Nitalifuata mwenyewe. Akinikatalia nitamvua."

Nancy karibu acheke. Hakucheka, lakini pembe ya mdomo ilisogea, na Njeri hakuthubutu kuitazama sana isije ikakimbia. Hakuwa mjinga. Alijua mtu haponi kwa asubuhi moja, na kwamba kuna asubuhi nyingine za kiti cha kituo cha basi zitakuja. Alijua pia kwamba kifuniko kikilia kesho alfajiri, bado kitamwita jina.

Waliteremka. Mohinder aliwafungulia mlango, akamfunga Nancy skafu yake mwenyewe shingoni bila kumwuliza. Nje kulikuwa na manyunyu. Nancy alifika kizingitini akasimama, mkono ukishika fremu ya mlango, kama miguu imesahau kazi yake. Njeri hakumvuta. Alisimama naye.

Daisy alikuwa na umri wa miaka mitano, na kila ulichomwambia kwa Kiswahili alikujibu kwa Kiingereza. Kitu kimoja tu ndicho alichokijua vizuri, siku za wiki, kwa sababu Nancy ndiye aliyemfundisha, akimhesabia vidole kila Jumanne na Alhamisi alipokuja kumlaza. Sasa aliweka kifuniko juu ya sufuria ndani ya kigari. Akamtazama Anti Nancy juu hadi chini. Akahesabu vidole vyake, kimoja, viwili, polepole, akakishika cha pili.

"Kesho ni Jumanne," akasema.