Alikuwa na Bandama

Kinyaa kilimshika Placidia tangu asubuhi, na wala si cha harufu ya hospitali. Ni huyu mumewe, Elipidius, aliyeketi naye mbele ya daktari akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, akikikagua alichotoa, kisha akikirudisha mdomoni. Ptuu! Mtu mzima, tena mzee wa kanisa kule Bweranyange.

Daktari Anatory aliwaonyesha picha ya sitiskani. Upande wa kushoto wa kifua cha Placidia ulijaa vinundu, kama maharage yaliyomwagika.

"Nahofia saratani. Itabidi tufungue kifua, tukate kipande tukipime. Na kwa moyo wake huu dhaifu, mama anaweza asiamke. Hili kovu la tumboni ni la nini?"

"Alikuwa na bandama," Elipidius akadakia. "Malaria, daktari. Ilivimba, wakaitoa."

Nyongo ilimpanda Placidia. Miaka yote ndivyo mumewe alivyowaambia watu, naye akaitikia tu. Nani angehoji? Huku kwetu kila mtoto wa homa tumbo likimvimba husemwa ana bandama.

"Basi sina njia nyingine," daktari akasema. "Ingekuwa aliumia, bandama ikapasuka na kiwambo cha chini ya mapafu kikachanika, ningesema vipande vilipenya kifuani vikaota. Hapo kipo kipimo kingine cha picha, hakihitaji kisu."

Elipidius akakohoa. Akamwekea mkewe kiganja gotini, kimelowa jasho, akaminya. Lo! Placidia akakibandua kama mtu anayebandua ruba.

"Sikuwa na bandama, daktari. Nilikuwa na mume. Alirudi na pombe ya rubisi kichwani, akanikanyaga mbavu kwa magambuti yake mpaka bandama ikapasuka."

Elipidius akainama, njiti bado mdomoni.

Kwenye hospitali ya rufaa walimtoa damu kidogo, wakaitia dawa ya kuwaka kwenye picha, wakaipasha moto, wakamrudishia mshipani. Damu ya kupashwa kama kiporo! Lakini vinundu viliinasa damu ile, kama bandama inavyonasa damu iliyochakaa, vikawaka kwenye picha. Haikuwa saratani. Ilikuwa bandama yake mwenyewe, imejiotea kifuani, haina madhara. Habari ya kisu ikaishia hapo.

Elipidius alikuwa akimngoja mlangoni, meno yote nje.

"Mungu mwema, mama Gideon! Twende zetu nyumbani."

Placidia alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, asione pa kutulizia jicho.

"Daktari kasema hivi vya kifuani nikae navyo," akamwambia. "Wewe hakukutaja."