Kipimo cha Siku Nzima

Mjukuu wangu tulimpa jina la Rula, kwa sababu tangu ana miaka sita hapakuwa na kitu asichokipima. Alipima milango, alipima mbuzi, na siku moja alinipima mimi nikiwa nimelala, akaniambia nimepungua vidole viwili tangu mwaka uliopita. Mimi nilimwita mke mwenzangu, maana babu yake marehemu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Vitendawili tulitegeana kila siku, na hakuwa mtu wa kutoa mji kirahisi. Ukimshinda leo, anakuomba umwachie mpaka kesho, na kesho anakuja na jibu.

Kwa hiyo alipomaliza chuo cha ufundi, na sisi wanawake saba wa kikundi cha dobi tukawa tunataka pampu, nilisema kazi hii haitoki nje ya nyumba.

Tulikuwa tunafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Mashine nne kubwa, zikizunguka zote sakafu inatetemeka mpaka vikombe vinasogea mezani. Maji ya bomba la mji yalikuja siku yaliyoitaka yenyewe. Tukamleta mchimbaji na mtambo wake, akatutobolea kisima kirefu nyuma ya kamba za kuanikia. Maji yakapatikana. Akasema, "Sasa mama, tunapima. Nitavuta na pampu yangu ya majaribio saa ishirini na nne bila kuzima, tuone kisima kinashuka hadi wapi na kinajirudishia kiasi gani."

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, nikaletewa kiti nisimamie.

Sasa mtu anielewe. Mimi nimekua na ndoo kichwani. Maji ya kunywa yalikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, na ukijikwaa ukamwaga, hukujuta peke yako, nyumba nzima ilijuta nawe. Ndiyo maana shule yangu iliishia darasa la saba. Na hapo mbele yangu yanatoka maji safi kwa bomba nene kama paja, yanapita uani, yanapita chini ya geti, yanakwenda mtaroni. Saa ya kwanza nilivumilia. Saa ya pili nikaona yanabeba majani makavu kama yanacheza, nikainuka kitini.

"Baba, zima," nilimwambia mchimbaji.

"Bado, mama. Huu ni mwanzo tu."

"Huoni yanavyotoka? Kilichojaa hivi unakipima cha nini?"

Akacheka. Akaangalia dumu lake la dizeli, akaniangalia mimi. "Mwenye kisima umesema wewe," akasema, akazima. Akaniachia karatasi yenye mstari mmoja tu: lita elfu kumi na nne kwa saa. Kesho yake alihamia kazi nyingine mbali.

Jumamosi Rula akaja na daftari. Swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo. "Bibi, mlipima muda gani?"

"Siku nzima," nikasema.

Nimejiuliza sana kwa nini. Sababu yenyewe ni ndogo, naona haya kuiandika. Niliogopa kusemwa "Bibi jamani" na mtoto niliyemuogesha. Na moyoni niliona si uongo mkubwa, maji si yapo?

Akaandika. Akageuza beseni akalikalia, akaanza kazi. Alihesabu kila mashine inakunywa ndoo ngapi kwa mzunguko mmoja. Alipima mnara wa tangi, urefu wa bomba, na kona zake zote.

"Kona za nini tena?" akauliza mwenzetu tuliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki.

"Kila kona inayachosha maji, shangazi. Kama wewe na ngazi."

"Mimi nachoshwa na mume, ngazi nazipanda."

Tukacheka. Rula akapiga hesabu, akasema tuchukue pampu ya lita elfu kumi kwa saa, kisima kibaki na akiba. Redio akataka kubwa zaidi, eti kama ni kulipa, tulipie kitu kikubwa moja kwa moja.

"Pampu si sufuria ya shughuli, shangazi, uongeze kwa kuogopa wageni," Rula alimwambia. "Ikivuta kuliko kisima kinavyojaza, itameza mchanga. Itakufa, na kisima nacho kitakufa. Ndiyo maana kipimo ni siku nzima. Mwanzoni kila kisima kinajisifu."

Nilisikia. Nilikuwa nimeshika kikombe. Neno lilifika mdomoni, nikalisukuma na chai.

Akanigeukia. "Bibi, kitendawili."

"Tega."

"Nakunywa kutwa, lakini tumbo ni la mwenzangu."

"Pampu na tangi," nikajibu hapohapo, na wenzangu wakapiga makofi.

Mwezi mmoja tulifua kama malkia. Wiki ya tano pampu ikaanza kukohoa. Maji yakatoka na rangi ya chai, na mashuka ya hospitali yakatoka hivyohivyo. Siku ya tatu ikanyamaza. Fundi bomba alipoivuta juu, mapanga yake ya ndani yalikuwa yameliwa na mchanga, na kisima kimejaa mchanga karibu nusu. Hospitali ikapeleka mashuka kwingine.

Tukakaa kikao. Redio akasema, "Si tuliambiwa tuamini wasomi?"

Rula alisimama, anafunua daftari mbele, anafunua nyuma. Alikuwa amempigia mchimbaji, namba haipatikani. "Nimekosea mahali," alisema. "Sijaona bado ni wapi. Naombeni msamaha, mama zangu."

Nilikuwa nimekaa karibu yake, upindo wa nguo yangu unagusa kiatu chake. Nilijiambia nitamweleza njiani, tukiwa wawili. Njiani hakusema kitu, nami sikusema. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka miwili.

Rula aliacha ufundi. Akapata kazi zahanati ya mji wa pili, anakaa dirishani anaandika majina ya wagonjwa. Mama yake alipotengeneza mlango mpya, seremala alimwomba Rula vipimo, kwa kuwa kila mtu anamjua. Akamjibu, "Pima mwenyewe, fundi. Mimi hukosea." Nilikuwa nachambua mboga, nikainamisha kichwa zaidi.

Mwezi huu nilifungua sanduku lake la zamani, natafuta shuka. Nikakuta lile daftari. Ile hesabu ya pampu ilikuwa imerudiwa ukurasa baada ya ukurasa, kila mmoja na tarehe yake. Nilihesabu: mara ishirini na tatu. Jibu ni lilelile mara zote. Kila namba ilikuwa na alama ya kukaguliwa, mnara, kona, ndoo. Namba moja tu haikuwa na alama hata mara moja, ile yenye maneno pembeni: siku nzima, kasema Bibi.

Jana niliwaita wenzangu nikawaambia. Redio alishusha sauti, jambo ambalo sijawahi kulisikia, akasema, "Dada, ungesema siku ile tungekusema wiki moja tu, yakaisha."

Leo asubuhi nikaenda zahanati. Nilisubiri kwenye benchi mpaka foleni ikapungua, nikasogea dirishani.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Mke mwenzangu, kisima hatukukipima siku nzima. Ilikuwa muda wa saa mbili. Mimi ndiye niliyezimisha."

Alikuwa katikati ya jina la mtu. Alilimalizia, akafunika kalamu.

"Saa mbili," akasema.

"Saa mbili."

"Kwa hiyo hesabu yangu…"

"Ilikuwa sawa. Yote."

Aliangalia mikono yake. Nilitaka alie, au anigombeze, aanze na ile "Bibi jamani" yake niliyoikimbia. Hakuanza.

"Kwa nini, Bibi?"

"Niliona maji yanamwagika."

Akaitikia kwa kichwa, kama anavyowaitikia watu asiowajua wanaotaja umri wao. Nyuma yangu mtu alikohoa. Nikafanya nililozoea. "Kitendawili," nikasema.

Zamani alikuwa anajibu kabla sijafunga mdomo.

"Si leo, Bibi."

Akatoka hata hivyo, akazunguka, akanishika mkono mpaka mlangoni. Pale akaniachia. "Ngazi ni tano," akasema. "Angalia ya mwisho, imezidi wenzake vidole viwili."

Akarudi dirishani kwake. Nikazishuka polepole, nazihesabu. Ya mwisho kweli ilikuwa imezidi.