Mgeni wa Kila Jumapili

Kanisa la kwanza lilimpa Wakili makofi. La pili lilimpa makofi na chupa ya maji, baada ya mchungaji kumtambulisha kwa maneno marefu mpaka zile dakika ishirini alizoahidiwa zikabaki saba. Sasa alikuwa anaingia la tatu, hotuba ya kurasa nne kwapani, koo limemkauka, na kichwani ana mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa fundi cherehani aliyehama kambi ya wakimbizi akiwa na mimba ya miezi saba. Jumanne asubuhi idara ya vibali ingetaka ushahidi kwamba ameishi mjini hapa miaka miwili mfululizo. Akiukosa, yeye na binti yake wangerudishwa kambini. Na ushahidi haukuwepo. Mwenye nyumba alikataa kuandika hata mstari mmoja, asije naye akaulizwa ya kwake. Wateja walijua sketi zao, si aliyezishona. Kwenye makanisa yale mawili Wakili aliwaomba majirani wa fundi wanaosali huko watie sahihi kwamba wanamjua, lakini mmoja alikuwa na safari na mwingine alikuwa na mume wa kuulizwa kwanza.

Hili la tatu ndilo alilokuwa akisali fundi mwenyewe, ila alikuwa ameshamkatisha Wakili tamaa. "Pale mimi ni mgeni tu, dada," alimwambia. "Mimi nawajua, wao hawanijui." Wakili alidhani ni unyenyekevu.

Mlangoni alipokewa na Bwana Kalamu, karani mstaafu wa posta, aliyesimamia mapokezi ya wageni kwa ukali wa mtu anayelinda hazina ya taifa. Wimbo wa pili ulipokwisha, mzee akakohoa na kutangaza, "Wageni wetu wa leo, tafadhali wasimame."

Wakili akasimama. Benchi la mwisho, fundi naye akasimama, mtoto kiunoni.

"Karibuni sana, jisikieni nyumbani," akasema Bwana Kalamu, akimtazama huyu na huyu kwa tabasamu lilelile. Kisha akamletea Wakili kitabu cha wageni na kalamu yake mwenyewe, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuishika siku nyingine za wiki.

"Mzee wangu, na yule naye ni mgeni?" Wakili akanong'ona.

"Yule? Ndiyo. Wa siku zote."

"Mgeni wa siku zote ndiyo nini?"

"Mwanangu, mimi nikisema wageni wasimame, anayesimama nampa kitabu. Sijapewa kazi ya kumkalisha mtu."

Wakili akafunua ukurasa wa nyuma, kisha wa nyuma yake. Jina la fundi lilikuwepo. Tarehe, jina, mtaa, sahihi. Akazidi kurudi nyuma, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka pale jina lilipoanza. Miaka miwili na wiki tatu. Hakuna aliyewahi kumwambia mwanamke huyu kwamba mtu husimama mara moja tu, naye kwa adabu zake akawa anasimama kila alipoambiwa. Na pembeni, kwenye safu ya maoni ambayo wageni wengine waliiacha tupu, alikuwa ameandika kila mara.

Alipoitwa mbele, Wakili aliziacha zile kurasa nne kwenye benchi. Alipanda na kitabu.

"Nilikuja kuwaeleza mkimbizi ni nani," akasema. "Lakini naona ameshawaandikia. Naomba niwasomee barua zenu."

Akasoma. "Asante kwa kiti. Mgongo ulikuwa unaniuma." Akafunua. "Asante. Leo nimekuja na mtu mpya, ana siku kumi na mbili." Akafunua. "Asante kwa mama wa kwaya aliyemshika mtoto nikaenda chooni. Sijaenda chooni peke yangu tangu azaliwe." Kanisa likacheka. "Asante kwa mahubiri. Sikuyasikia, nililala. Asante kwa kutoniamsha." Hapo hata mchungaji alicheka, ingawa si sana. "Asante, mtoto amesimama mwenyewe leo, ameshika benchi lenu."

"Ni mimi!" sauti nzito ikatoka kwenye kwaya. "Huyo mtoto nilimshika mimi! Jamani, sikujua hata jina la mama yake!" Mwimbaji huyo akashuka kutoka jukwaani huku analia, akaenda moja kwa moja benchi la mwisho. Fundi alikuwa ameficha uso kwenye nywele za binti yake.

Wakili akaeleza habari ya Jumanne. Alihitaji sahihi tano. Foleni ilifika mlangoni, mahubiri yakafupishwa, na waumini wakamshukuru Mungu kwa yote mawili. Wakili mwenyewe alilia waziwazi, bila hata kutafuta kitambaa. Kwa miaka mingi ya kuzunguka makanisani hakuwahi kutoka akiwa ameshiba hivi.

Jumanne walikaa watatu mbele ya ofisa wa vibali, maana Bwana Kalamu alikataa katakata kitabu kisafiri bila yeye. Ofisa alikagua tarehe moja moja, uso mkavu. Ghafla akacheka peke yake, na wote wakajua amefika kwenye mahubiri. Akagonga muhuri. Kibali cha miaka mitano. Wakili akamshika fundi mkono.

"Ila nyinyi," ofisa akasema akirudisha kitabu, "miaka miwili mtu bado ni mgeni?"

Bwana Kalamu akainamisha kichwa. "Kosa ni langu," akasema, kisha akamgeukia fundi. "Nisamehe, mwanangu. Ilinipasa nikuambie kaa, wewe ni wa hapa. Sikukuambia."

"Nilijua, baba," fundi akasema. "Mtoto alipoota meno mawili nilishajua kwamba mimi si mgeni tena." Akafuta machozi kwa kiganja. "Lakini wiki nzima naitwa we fundi, we mama, we mkimbizi. Jumapili wewe unanipa kalamu yako, unaniambia niandike jina langu, halafu unasubiri mpaka nimalize. Ningekaaje chini?"