Swali la Kabla ya Sindano

Mimi Fortunée, muuguzi wa ambulansi, sina subira, na nusu ya mji wa Likasi inajua. Papa Symphorien, dereva na msaidizi wangu, husema hasira yangu hufika kabla ya king'ora. Aseme tu. Angekuwa yeye mwenye ufunguo wa sanduku la morfini, dawa kali ya maumivu, shingoni, angekuwa mkali kuliko mimi.

Sanduku lile lina kanuni zake. Dawa ya humo haitolewi na mtu mmoja: mmoja anaishika, mwingine anasoma jina lake kwa sauti. Na kabla ya kufungua, lazima uulize mgonjwa amemeza nini siku hiyo. Swali hilo ndilo linalonitoa roho, kwa sababu watu wangu hawajibu maswali. Watu wangu wanakiri ushindi! Katika makanisa yetu ya maombi tunafundishwa kwamba ubaya hautajwi, ukiutaja, umeukaribisha. Muulize mama mwenye kifafa kama huwa anaanguka, atakuambia, "Ile nilishaikatala kwa jina la Yesu," na vumbi bado liko kwenye nguo yake.

Asubuhi ile tuliitwa kwenye mashimo ya wachimbaji, upande wa barabara ya Kapolowe. Jiwe lilikuwa limemwangukia mchimbaji mmoja, Banza. Wenzake walishamtoa shimoni na kumlaza juu ya magunia. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa unaonekana. Mkewe Mado, anayeuza mikate palepale machimboni, alikuwa amempakata kichwa.

"Alimeza nini leo?" nikauliza.

"Hakumeza kintu," akasema Mado.

"Ata kidonge? Kitu ya nguvu?"

"Mama, Banza iko shemasi! Ile bintu ya shetani tulishaikatala. Iko muzima kwa jina la Yesu."

"Amina!" wakaitika wanaume wote.

Muzima! Banababa, mfupa uko nje!

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikunipendeza. Mtu mwenye mguu wa namna ile anahema mbiombio. Banza alikuwa anapumua polepole, kama mtu anayesinzia, na mboni za macho yake zilikuwa ndogo mno. Kila mtu wa Likasi anajua kwamba wachimbaji wengi humeza vidonge vikali vya maumivu ili wasisikie njaa wala uzito wa gunia. Kama Banza alivimeza na mimi nikaongeza morfini juu yavyo, pumzi ingeweza kukatika mikononi mwangu. Na kumsafirisha kwenye barabara ile yenye mashimo bila dawa yoyote kungekuwa ukatili. Nilihitaji jibu la kweli, na nililihitaji haraka.

"Mupige sindano!" akapiga kelele Jeancy, mwenzake Banza wa shimo moja. "Muntu anakufa, na weye unauliza maswali! Munafichaka dawa juu ya kuuzisha!"

"Aka! Funga kinywa yako!" nikamjibu. "Unapenda miye niue muntu?"

Symphorien akanigusa kiwiko. Nikaona kweli: kadiri nilivyofoka, ndivyo nyuso zilivyojifunga. Na Banza alikuwa anazidi kusinzia. Niliogopa, nasema wazi.

Nikajiuliza, sisi watu wa maombi, ni wapi tunataja ubaya bila woga? Ni kwenye ushuhuda tu. Pale mtu anasimama na kueleza maovu yote ambamo Mungu alimtoa, na jinsi yalivyokuwa mabaya ndivyo makofi yanavyozidi.

Nikachuchumaa mbele ya Mado. "Mama, sitaki ukiri kintu. Toa ushuhuda. Mungu alimutosha Banza mu nini? Alimutoa mu nini?"

Akaniangalia. Alijua akisema, mumewe hatakuwa shemasi tena. Na mimi nilijua anajua.

"Bwana asifiwe," akaanza, kwa sauti ndogo.

"Amina," wakajibu wachache.

"Bwana yangu alikuwa anamezaka vidonge vya nguvu. Myaka mingi. Mungu alimu..." Akamfuta Banza jasho kwa kitenge. "Hapana. Hajamutosha bado. Leo asubui alimeza mbele ya macho yangu. Na Jeancy alimuongezea ingine mu shimo."

Jeancy akatazama viatu vyake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi cha vidonge na kunipa. Tramadol, ndugu wa morfini.

Hakuna aliyepiga makofi. Symphorien, Mkatoliki mwenye asili ya mkoa wa Kasai ambaye hutucheka sana sisi watu wa kelele, ndiye aliyesema "Amina!" hadi machimbo yakaitika.

Morfini ikabaki mahali pake. Nikachukua ketamini, nayo dawa ya maumivu, ambayo haibani pumzi kama ile nyingine. Symphorien akasoma jina kwa sauti, nikampa Banza kidogo kidogo, tukanyoosha mguu na kuufunga. Njiani sikuondoa macho kifuani pake.

"Nilimupatisha haya mbele ya bantu," Mado alilia nyuma ya ambulansi. "Bwana yangu, nilimupatisha haya."

"Iko anapumua, mama," nikamwambia kwa ukali, na machozi yananitoka mimi pia. "Angalia. Iko anapumua!"

Baada ya upasuaji nilipita hospitalini kumwona. Banza alikuwa macho, na Mado amesimama mbali kidogo na kitanda.

"Banza," akasema Mado, "nilisema. Mbele ya bote."

Yeye akatazama dari. Mimi nilishaandaa maneno makali, nikisubiri tu afungue mdomo amtukane mke wake.

"Kila siku nilikuwa naomba Mungu, muntu mumoja tu aseme," akasema Banza. "Nilichoka kujificha." Akanyoosha mkono, akamshika Mado ncha ya kitenge. "Mwili itaanza kuitafuta ile dawa. Nikikuomba, usinipe. Ata nikilia."

"Utalia," akasema Mado, akaketi kitandani.

"Nitalia."

"Basi tutalia bote."