Kiingereza cha Wembe

Watu walimwita Wembe, na jina hilo halikutokana na ndevu. Alikuwa fundi wa lifti, fundi kwelikweli, ila mdomo wake haukujua kuzunguka mbuyu. Kazi ya mwisho ilimponyoka siku alipomwambia mteja, mbele ya bosi, kwamba mota aliyouziwa kama mpya ilikuwa imeshazeekea kwenye jengo la watu wengine. Mteja alishukuru. Bosi hakushukuru. Kabla ya bosi huyo alikuwepo mwingine, na kabla yake mwingine, na kila mara Wembe alirudi nyumbani mchana kweupe, akakaa, akauliza kuna chakula gani.

Wa kujibu alikuwa mkewe, karani aliyemchapia meneja barua kwenye ofisi ya ghorofa ya sita. Mshahara wake mmoja ndio ulioivuta nyumba nzima, watoto na ada zao, na alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu aliamka nao, akavaa viatu, akaenda nao kazini. Watu wakimwuliza habari za mumewe, alisema anapumzika.

Ndipo kampuni nyingine ya lifti ikamwita Wembe kwenye usaili, tena usaili wa Kiingereza.

"Wakikuuliza wewe ni mtu wa namna gani, utajibuje?" mkewe alimwuliza jioni hiyo, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.

"Nitawaambia, I am a very blunt man."

Mkewe akafumba macho. "Na kule kwingine ulisema hivyohivyo?"

"Kote. Kwani si sifa?"

"Baba watoto, sifa iko wapi hapo? Maana yake butu. Kama kisu butu."

Wembe alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi butu? Hao Waingereza wana lao! Mtu anawachana makavu, wao wanamwita butu?"

Mkewe hakucheka. Maneno hayo aliyajua kwa kuyachapa. Meneja akitaka kumuumiza mtu kwa heshima, aliandika frank. Akitaka aonekane ana roho nyeupe, candid. Aliyethubutu kulalamika kwenye mkutano alipewa outspoken, na haukupita muda dawati lake lilikaliwa na mtu mwingine. Straightforward walipewa wale ambao hawakusema lolote la maana, ila walilisema haraka. Lakini blunt, hiyo hakuwahi kuichapa isipokuwa kwenye barua za kuachisha watu kazi.

"Kwa hiyo ni kitu kilekile," Wembe alisema baada ya kuelezwa. "Kusema kweli."

"Kilekile. Ila kila mahali kinavaa nguo yake."

"Na anayetaka kukisema bila nguo?"

"Anakaa nyumbani, kama wewe."

Aliona jinsi neno lile lilivyompata. Alimwonea huruma, lakini hakuwa na nguvu za kuomba radhi, akatoa miguu kwenye maji akaenda kuwaandalia watoto.

Wakawa wanafanya mazoezi kila jioni. Mkewe alijifanya mteja, akauliza, "Fundi, lifti yangu nzima?" Wembe akajibu, "Mbovu." Mkewe akamrudisha: sema inahitaji uangalizi wa karibu. Sema ina changamoto zake kwa kuzingatia umri. Wembe aliguna, akakunja uso kama anayemezeshwa dawa, lakini alikuwa na akili ya kifundi. Ukimwonyesha pa kukaza na pa kulegeza, harudi kuuliza. Siku ya usaili alijieleza kuwa candid. Wakubwa wakatazamana, wakatabasamu, wakamwajiri.

Mkewe alipopata habari aliingia chooni pale ofisini akalia kwa raha, kisha akanawa uso akarudi kuchapa.

Nyumba ikatulia. Nyama ikaanza kuonekana mezani bila kusubiri mgeni. Na Wembe mwenyewe akawa mtu mwingine. Jirani aliyekuwa akiimba kwa sauti ya kukwaruza, na ambaye zamani aliambiwa kupitia dirishani anyamaze, sasa aliambiwa ana sauti ya kipekee. Mchuzi ukizidi chumvi, Wembe alisema una ladha yake. Watoto walicheka. Mkewe naye alicheka mwanzoni, halafu akaanza kuona kwamba hana tena wa kumwambia mchuzi wake ulivyo.

Kisha kampuni ile ikapewa matengenezo ya lifti ya jengo alilofanyia kazi mkewe. Lifti hiyo ilikuwa imeanza tabia ya kushtuka ikikaribia ghorofa ya nne, watu wanashikana mikono, wanacheka kwa woga. Wembe akaja na wenzake ndani ya sare mpya, wakashinda humo kutwa, na mkewe akawaonyesha wenzake ofisini: yule pale, yule mrefu, ndiye wangu.

Jioni, watoto walipokwisha kula, alimwuliza. "Lifti yetu umeionaje?"

"Ina changamoto zake kwa kuzingatia umri."

"Mimi si mteja. Niambie."

"Tumeshapeleka ripoti. Inahitaji uangalizi wa karibu."

"Wewe ungeipanda?"

Wembe akanyamaza. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuulizwa swali akanyamaza. Alichezea kijiko, macho yake yakawa mezani.

"Wembe. Nisipande?"

"Mama watoto," alisema polepole, "si tumeanza kula vizuri?"

Mwanamke alikaa palepale. Hasira ilimjia, ikafuatwa na aibu, maana kila neno lililotoka kwenye kinywa kile alilitia mwenyewe, miguu ikiwa majini. Hakumwuliza tena. Usiku alimsikia mumewe akigeuka upande huu na upande ule.

Asubuhi alifika kazini akakuta lifti imejaa, mlango umeshikiliwa na tarishi wa ofisi yao.

"Dada, ingia, bado pana nafasi!"

Akasimama. Meneja naye alikuwemo ndani, mkoba kifuani.

"Si shemeji ndiye aliyeikagua jana?" tarishi akauliza. "Tuambie basi, ni nzima?"

Maneno yalimjia yote, yamepigwa pasi, yamepangwa: changamoto, uangalizi, umri. Akayaangalia yakipita.

"Mbovu," alisema. "Tokeni."

Wakatoka wanasukumana. Meneja alikuwa wa mwisho, uso umembadilika. "Umeyapata wapi hayo? Ripoti iliyo mezani kwangu haisemi hivyo. Nani kakwambia?"

Alijua simu itapigwa kabla ya mchana. Alijua kampuni ile itamwita mumewe, na alijua barua watakayomwandikia, mpaka neno litakalokuwa ndani yake.

"Mume wangu," alisema. "Ndiye fundi."

Akageukia ngazi, akashika chuma cha pembeni, akaanza kupanda. Miguu ilimuuma tangu ghorofa ya kwanza. Nyuma yake alisikia viatu vya wenzake vikimfuata.