Tone la Mwongeli

Kaveke alikuwa ameketi kwenye benchi ya kliniki ya macho mjini Kabati, akisubiri kuitwa. Alikuwa mmoja wa wazee waliokubali kujaribiwa dawa mpya ya matone, ijulikane kama inaweza kuyeyusha mtoto wa jicho bila kisu. Na kisu ndicho alichokiogopa kuliko nyoka. Sharti lilikuwa jepesi: chupa ni yako, usimpe mtu.

Usimpe mtu! Hao madaktari hawajui mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Wanawake wanaochimbiana matuta mashambani hugawana kila kitu, hadi ugoro; anayekula peke yake atachimba peke yake. Basi baada ya kazi walijipanga, vichwa nyuma, na Kaveke akawatilia mmoja mmoja, ncha ya chupa ikigusa kope hii na ile. Wa mwisho alikuwa Mwongeli, rafiki yake tangu usichana, ambaye jicho lake la kushoto lilikufa zamani. Alitiliwa kwenye lile zima.

Jana alimkuta Mwongeli amelifunga jicho hilo kwa kitambaa, linatoka usaha. "Ni vumbi tu," Mwongeli alisema. "Nitameza dawa nilale, itaisha."

Kaveke alijua si vumbi. Hofu ilimnyima usingizi. Akisema, atatolewa kwenye majaribio, na kitakachobaki ni kisu. Asiposema je? Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya hata hayakuwa maradhi yake.

"Susu, hiyo dawa inaendelea aje?" aliuliza Daktari Ndeti, kijana aliyewaita vikongwe wote susu, yaani bibi.

Kaveke alifungua mdomo. Kisha yote yakamwagika: mwethya, foleni, kope, usaha, jicho moja la Mwongeli.

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Uso ulimsawijika. "Chupa ikigusa jicho la mtu inabeba uchafu wake, Susu. Na huyo anaonea jicho moja tu? Mpigie simu saa hii. Hiyo infection inaweza kumaliza jicho haraka sana. Natuma gari."

Kaveke alimpa daktari simu, akambonyezea namba ya Mwongeli. Simu iliita, ikaita. Nje jua lilikuwa utosini, mabati yakilia kwa joto. Hatimaye ilipokewa, Kaveke akajitaja.

"Kaveke?" Sauti ya Mwongeli ilikuwa nzito kwa usingizi. "Mbona unanipigia usiku? Nimefungua kitambaa, bado ni giza tupu. Wacha kupambazuke kwanza."